Debe si Kilo: Pima Mwenyewe Kabla ya Kuuza

Mkulima wa Chanika au Mkuranga anayeleta mahindi soko la Tandale, Dar es Salaam, hupewa hesabu ya haraka: madebe sita ni gunia, gunia ni kilo 100. Hesabu hiyo ni ya kukadiria tu, na anayeumia nayo mara nyingi ni mkulima. Debe hupima ujazo. Kilo zinazoingia humo hutegemea zao lenyewe, ukavu wake, na mkono wa anayejaza.

Debe la lita 20 la mahindi makavu, likifutwa juu kwa kijiti, hubeba takriban kilo 15. Likirundikwa mpaka punje zinaporomoka pembeni, linaweza kukaribia 18. Madebe sita ya mfuto basi ni kilo 90, na sita ya kurundika ni 108. Ukiuza magunia kumi ya namna hiyo ya pili kwa bei ya kilo 100, umetoa kilo 80 bure. Mpunga usiuhesabu kwa kipimo cha mahindi hata kidogo: kwa sababu ya maganda, debe lake la mfuto hubeba kilo 11 au 12 hivi.

Ndoo nazo zina mambo. Nyingine zimepashwa moto zikatanuka, na visado vingine vimebonyezwa kitako. Ili kuijua ndoo, ipime tupu, ijaze maji, kisha ipime tena. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iongezeke kilo 20. Ikiongezeka 23, usikubali ihesabiwe kuwa debe moja.

Baada ya hapo jaza zao lako kwa mfuto, pima madebe matatu, toa uzito wa ndoo, tafuta wastani, uandike kwenye daftari pamoja na jina la zao. Rudia kila msimu. Kama huna mizani, changeni kwenye kikundi mnunue moja, na hakikisheni imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na ina stika ya mwaka husika. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ikataeni kwa pamoja, maana mkulima mmoja akikataa peke yake, mnunuzi anahamia kwa jirani.

Vipimo vya zamani vya uzito havisumbui kiasi hicho, kwa kuwa havibadiliki kwa zao. Ratili ni gramu 454, na frasila ni ratili 35, yaani kilo 15.88. Wengi huifanya kilo 16. Kwa mzigo mdogo haina neno, ila kwenye frasila 50 utakuwa umezidisha kilo sita. Pishi, yenye vibaba vinne, ni ya ujazo kama debe, hivyo nayo ipitishe kwenye mizani.

La mwisho ni unyevu. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18, zikikaushwa hadi 13 inayofaa kwa ghala, hubaki kilo 94 na ushee. Maji ndiyo yaliyoondoka, hujaibiwa. Kwa hiyo ukipanga bei, pima baada ya kuanika, na mnunuzi anayetaka mahindi yaliyokauka vizuri alipie bei ya mahindi makavu.