Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukokotoa Nishati Mwendo

Mwanafunzi wa kidato cha tano, kabla hajagusa kanuni ya nusu ya tungamo mara mraba wa velositi, hana budi kuandika velositi hiyo imepimwa kutoka wapi. Begi lililotulia juu ya kiti cha treni ya SGR inayotoka Dodoma kwenda Morogoro halina nishati mwendo kwa abiria aliyeketi kando yake, ilhali kwa mchungaji aliyesimama pembeni mwa reli pale Ihumwa lina nishati nyingi, na wote wawili wako sahihi.

Ahakikishe pia kuwa fremu aliyoichagua, yaani mahali anapopimia mwendo, ni ya inesha: isiyobadili kasi wala mwelekeo. Behewa linalokwenda kwa velositi isiyobadilika linafaa. Likifunga breki au likikata kona halifai tena, kwani chupa ya maji iliyolala sakafuni itabiringika yenyewe bila kusukumwa na mtu. Ardhi ya Dodoma nayo huzunguka pamoja na Dunia, hivyo si fremu kamili ya inesha, lakini kwa maswali ya mtihani kasoro hiyo hupuuzwa.

Jambo linalowakwaza wengi, nami naona ndilo la kutulia nalo, ni kazi. Tuseme treni inakwenda mita 40 kwa sekunde, na abiria anarusha mfuko wa kilo 2 kuelekea mbele kwa mita 5 kwa sekunde. Ndani ya behewa mfuko umepata jouli 25. Kwa mtu wa ardhini velositi yake imepanda kutoka 40 hadi 45, na nishati kutoka jouli 1,600 hadi 2,025, yaani nyongeza ya jouli 425. Zile 400 za ziada zina mwenyewe: kani ni ileile na muda ni uleule, ila kwa kipimo cha ardhini mfuko ulisafiri umbali mrefu zaidi ulipokuwa ukisukumwa, na kazi ni kani mara umbali. Anayezilipa ni kichwa cha treni, kwa kuwa miguu ya mrushaji ilisukuma sakafu kwenda nyuma. Kazi ya ndani ya behewa, basi, isilinganishwe kamwe na nishati ya ardhini.

Kwa migongano, fremu ya kitovu cha tungamo, ambamo jumla ya momenta (tungamo mara velositi) ni sifuri, hurahisisha hesabu. Vitu viwili vikigongana na kugandamana, nishati mwendo yote ya fremu hiyo hugeuka joto na mbonyeo, na kiasi hicho kilichopotea ni kilekile katika kila fremu ya inesha.