Somo: Mtoto akiungua kwa uji au maji ya moto – dumu moja la maji, dakika 20

Anayeungua sana majumbani ni mtoto mdogo, aliyeanza kutambaa hadi wa miaka minne hivi, na mara nyingi kinachomuunguza hakina ndimi za moto. Ni uji ulioteremshwa sakafuni upoe, chai iliyowekwa kwenye meza yenye kitambaa kinachovutika, au maji ya kuoga yaliyotangulizwa kwenye beseni kabla ya yale ya baridi. Uji ni mbaya kuliko chai kwa sababu hunata. Chai huteleza ikaondoka, lakini uji hubaki palepale ukiendelea kuunguza, ndiyo maana jeraha lake linaweza kuwa dogo kwa upana na bado likawa na kina kirefu.

Kila mlezi ajue hili kabla ya mengine yote: joto likishaingia kwenye ngozi, kuondoa sufuria hakulitoi. Hubaki ndani na kuendelea kuunguza tabaka za chini. Maji ya baridi ndiyo yanayolitoa. Hakuna dawa ya dukani inayofanya kazi hiyo, na ngozi iliyoungua zaidi wakati watu wanatafuta usafiri daktari hana namna ya kuirudisha ilivyokuwa.

Kabla ya ajali

Tenga dumu la lita 20 la maji safi, likae kivulini karibu na jiko, na nyumba nzima ijue haliguswi kwa kupikia wala kufulia. Badilisha maji kila wiki. Hesabu yake ni hii: kopo la lita moja likimiminwa taratibu huisha kwa karibu dakika moja, kwa hiyo dumu moja linakupa dakika 20. Ukitanguliza beseni chini, unaweza kuyachota yaleyale na kuyamimina tena, mradi hayajachafuka wala kupata joto.

Kwenye kisanduku weka mkasi usio na ncha kali, pakiti tano za gozi safi, bendeji mbili, rola ya nailoni nyembamba inayoonesha ya kufunikia chakula, glavu jozi mbili, parasetamoli ya maji ya watoto pamoja na kijiko au bomba lake la kupimia, na pakiti mbili za ORS, ule unga wa kuchanganya na maji ya kunywa kurudisha maji na chumvi mwilini. Ongeza kanga moja iliyofuliwa, ikapigwa pasi na kufungwa ndani ya mfuko safi. Ndani ya mfuniko bandika namba. Tanzania ni 112 polisi na 114 zimamoto. Kenya ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199. Chini yake andika namba mbili za bodaboda, bajaji au teksi anayelala mtaa wenu, maana saa nane usiku huyo ndiye atakayefika kwanza.

Hatua ya 1: Mtoe kwenye joto na umvue

Vua nguo zote zilizolowa uji au maji ya moto. Usisahau nepi, kwani hunyonya maji ya moto na kuyashikilia kwenye makalio na sehemu za siri huku wakubwa wakihangaika na kifua kinachoonekana. Vua pia bangili, pete, hirizi na shanga za kiunoni. Mwili huvimba ndani ya muda mfupi, na kitu kilichobana huzuia damu. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute: kata kuizunguka kwa mkasi, kipande kilichonata kibaki.

Kama ni nguo inayowaka, mlaze chini mara moja, mfunike kwa blanketi zito la pamba na umbiringishe. Akikimbia, moto unapanda usoni.

Hatua ya 2: Maji, dakika 20 kamili

Mwagilia pale palipoungua kwa maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka. Weka saa ya simu. Dakika 20 ni ndefu mtoto akilia, na wengi huacha kwenye dakika ya tatu wakiamini panatosha. Maumivu yakipungua usidhani kazi imekwisha.

Maji ya bomba lililolala juani au ya tanki la paani hutoka ya moto mchana. Yaache yatiririke kwanza, yapime kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako, ndipo uyaelekeze kwa mtoto. Barafu na maji ya friji yenye barafu usitumie: hubana mishipa ya damu, ngozi iliyojeruhiwa ikakosa damu na kufa zaidi.

Wakati huohuo mtunzie mtoto joto la mwili. Poza jeraha, usimpoze mtoto. Sehemu isiyoungua ifunikwe kwa kanga kavu au taulo, na mtu mmoja ambebe kifuani. Mtoto mchanga, au aliyeungua eneo kubwa, hupoa haraka mno. Akianza kutetemeka sana au kulegea, sitisha maji, mfunike, muondoke.

Hatua ya 3: Funika

Tupa mzunguko wa kwanza wa rola ya nailoni, kisha tandaza kipande juu ya jeraha. Kitandaze tu, usikizungushe mkono au mguu, kwa sababu uvimbe ukija kitakaba. Nailoni hainati kwenye jeraha, huzuia hewa inayochoma, na daktari huona ndani bila kufungua. Usipokuwa nayo, tumia gozi au ile kanga safi. Kiganja kilichoungua kinaweza kuvishwa mfuko safi wa nailoni. Pamba usiweke kabisa: nyuzi zake hugandamana na jeraha, na kuzitoa ni mateso.

Hatua ya 4: Maumivu na kiu

Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto, baada ya kila saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 150. Kama chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 6 hivi. Soma chupa yako kila mara, kwa sababu kuna nyingine zenye miligramu 250 kwa mililita 5, na hapo kijiko kilekile kinakuwa zaidi ya mara mbili ya dawa. Aliye chini ya miezi mitatu apewe kwa maelekezo ya daktari tu. Aspirini asipewe mtoto.

Safari ikiwa ndefu na mtoto yuko macho, mnyonyeshe au mpe ORS kidogokidogo. Aliyesinzia, anayetapika au aliyevuta moshi asipewe kitu mdomoni.

Hatua ya 5: Nani aende hospitali

Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole, ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake. Jeraha likizidi kiganja hicho, mpeleke. Mpeleke pia, hata likiwa dogo, kama limeshika uso, mikono, nyayo, maungio au sehemu za siri. Kama limezunguka mkono au mguu mzima. Kama ni la umeme au kemikali. Au kama mtoto hajatimiza mwaka. Jeraha jeupe au jeusi, kavu kama ngozi ya ngoma, lisilouma, ndilo la kuogopa zaidi: haliumi kwa sababu mishipa ya fahamu imeungua.

Aliyekuwa kwenye chumba chenye moto, mwenye masizi puani, sauti iliyokauka au anayekohoa, aende hata kama ngozi haina alama. Koo linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye likaziba.

Visivyopakwa

Dawa ya meno huleta ubaridi wa mnanaa, basi mtu akaamini inaponya, kumbe imefunika joto ndani. Hospitali italazimika kuikwangua juu ya nyama mbichi. Samli, mafuta ya nazi na mafuta ya mgando hufanya vivyo hivyo. Ute wa yai bichi hubeba vijidudu. Unga, majivu na udongo hugeuka gamba, na udongo unaweza kuwa na vimelea vya pepopunda. Mafuta ya taa yenyewe huchubua ngozi, na yanawaka. Ile dawa ya zambarau, GV, huficha rangi ya jeraha, na rangi ndiyo inayomwambia daktari kina kiko wapi. Hata krimu halisi ya majeraha ya moto isubiri mpaka aone kwanza.

Kama bibi au jirani ameshapaka, msigombane mbele ya mtoto. Suuza kwa maji yanayotiririka na uanze kuhesabu dakika 20.

Maswali ya wanachama

Mama Wawili: Asante kwa somo. Kwetu maji ni ya mgao, tuna kisima cha maji ya chumvi tu. Si yatachoma jeraha?

Jibu: Dada, yatumie bila kusita. Yatawasha kidogo lakini yatatoa joto, na hilo ndilo la haraka. Ukibakiwa na lita moja ya maji baridi ya kunywa, suuzia mwishoni. Kama hakuna maji ya kutiririsha kabisa, lowesha vitambaa viwili safi, kimoja kikiwa juu ya jeraha kingine kinapoa kwenye maji, ubadilishe kila dakika moja au mbili. Kitambaa kikiachwa hapo kinapata joto la mwili na kuacha kupoza.

Kijana wa Buza: Mkuu, nikifika nyumbani nikakuta saa moja na nusu imepita na hakuna aliyemwagia maji, kuna faida bado?

Jibu: Ipo. Kupoza kunasaidia hadi saa tatu tangu aungue, ingawa kila dakika ya mwanzo ina thamani zaidi. Fanya dakika 20 zilezile.

Bibi Afya: Asali je? Sisi tumelelewa nayo, na hata hospitali nyingine huitumia.

Jibu: Ni kweli bibi, kuna bendeji za asali iliyosafishwa maalumu kwa majeraha, nazo hutumika baada ya jeraha kupozwa, kusafishwa na kukaguliwa. Ya chupa ya sokoni haijasafishwa hivyo, na ikipakwa dakika za kwanza inachukua nafasi ya maji. Wajukuu wa chini ya mwaka mmoja wasilambishwe pia. Inaweza kuwa na vimelea vinavyolegeza misuli hadi ya kupumua.

Mama Wawili: Na malengelenge? Nayapasue maji yatoke?

Jibu: Usiyapasue. Ngozi ile ya juu ni bendeji ambayo mwili umejitengenezea. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni laini, funika kwa gozi. Vidole vifungwe kimoja kimoja, gozi likipita katikati yake, la sivyo vinaweza kupona vikiwa vimeshikana. Homa, usaha, harufu, wekundu unaotambaa, au mtoto kutapika na kutoka vipele siku za mwanzoni: rudi hospitali siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa dogo kama sarafu. Nenda na kadi ya kliniki waangalie kama chanjo ya pepopunda imekamilika.

Mpishi wa Vitumbua: Mafuta yakishika moto kwenye karai, najua nisimwage maji, lakini sababu hasa ni nini?

Jibu: Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama chini yake. Mafuta yanayowaka yana joto kubwa kuliko la maji kuchemka, basi maji yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke huo huchukua nafasi ya karibu mara 1,700 ya maji yenyewe. Unayarusha mafuta yanayowaka juu hadi darini. Zima jiko kama unalifikia salama, telezesha mfuniko wa chuma kutoka upande wako kwenda mbele, na usifunue mpaka karai lipoe kabisa. Usilibebe kwenda nje. Mafuta yatakumwagikia miguuni.

Fundi Betri: Mimi nashughulika na maji ya betri. Nayo ni dakika 20?

Jibu: Zaidi. Tindikali isuuzwe kwa maji mengi angalau dakika 30, nguo zikivuliwa huku maji yanatiririka. Ikiingia jichoni, lisuuze vivyo hivyo ukiwa umeinamisha kichwa jicho lililoathirika liwe chini, lisije likachafua la pili, usilisugue, kisha hospitali. Usijaribu kuizima kwa magadi au ndimu, maana tindikali na magadi vikikutana hutoa joto jingine. Chokaa kavu ina utaratibu wake: ipanguse kwanza kwa brashi au kitambaa kikavu, ndipo umwage maji mengi, kwa kuwa maji machache juu ya chokaa huchemka.

Jirani Mwema: Kuna mgonjwa wa kifafa mtaani, alianguka kwenye mafiga watu wakaogopa kumgusa kwa sababu ya mapovu.

Jibu: Ndugu, mapovu yale ni mate yake tu, na kifafa hakiambukizwi kwa kugusa mate. Mvute kwa kwapa au nguo atoke motoni sekunde hiyohiyo, kisha mmwagilie maji palipoungua hata kama degedege halijaisha. Usimwekee kijiko mdomoni. Degedege likikoma mlaze ubavu. Likizidi dakika tano, ni dharura pia kwa upande wake. Nyumbani kwake jiko liinuliwe kwenye jukwaa, na asipike akiwa peke yake.

Kijana wa Buza: Na wa umeme, alama ni ndogo tu kidoleni?

Jibu: Zima swichi kuu kabla ya kumgusa. Alama ndogo isikudanganye, umeme huingia mahali ukatokea pengine na kuunguza misuli katikati, na unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Hapumui kawaida? Anza kukandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akipiga simu. Akizinduka na kusema yuko sawa, bado mpeleke akapimwe moyo.