Spika za paneli kwenye maonyesho: angalia nyuma yake kwanza
Wadau mnaopanga kwenda AXPONA kule Schaumburg karibu na Chicago, au maonyesho mengine yoyote ya vifaa vya mziki vya hela ndefu, shikeni hii. Spika za paneli kama Magnepan au zile Quad za umeme tuli hazina boksi, zinatoa sauti mbele na nyuma, kwahiyo kabla hujasema ni mbovu chungulia nyuma yake kuna nafasi gani, maana vyumba vya hoteli ni vidogo na zikibanwa ukutani ile sauti ya nyuma inagonga inarudi inavuruga kila kitu, waimbaji wanasikika kama wamebandikwa ukutani. Chini ya mita moja hapo hujasikia spika, umesikia chumba.

Halafu usihukumu ukiwa mlangoni au kiti cha pembeni, subiri cha kati kiachwe. Ukishakaa, inuka taratibu mziki ukiendelea, treble (zile sauti nyembamba za juu) ikififia ujue paneli hiyo inataka masikio yako yawe kimo fulani na sebuleni kwako itakuwa hivohivo. Uliza pia kama kuna sabufa imefichwa, na ampu (amplifaya inayozisukuma) ni ipi, kwasababu Magnepan ni za omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme) na zinakula nguvu kweli, ampu ndogo haziwezi. Mi huwa naomba sauti ya mtu na gitaa kavu tu, sio zile ngoma nzito za kushtua watu, hapo ndo paneli inajieleza, unasikia mpaka kidole kinavyoteleza kwenye nyuzi.