Upepo wa winta: soma hivi kabla hujaingia maji baridi na ubao wa tanga

Wengi wetu wa Nairobi tumejifunzia hii kitu ya windsurfing Diani, tunashuka na treni ya SGR wikendi ya mwezi wa saba, Kusi inavuma tu na maji ni nyuzi 25 hivi. Sasa kama umepata masomo Uingereza ama Ireland na unataka kuendelea na huu mchezo Januari, tafadhali usisome upepo vile umezoea, kule bahari iko nyuzi 7 hadi 10.

Cha kwanza kabisa ni upepo unatoka wapi. Simama ufuoni uangalie bahari. Ukikupiga ubavuni, ama ubavuni na usoni kidogo, hapo sawa, ukianguka utasukumwa kando ya ufuo ama kurudi ufuoni. Ukikupiga mgongoni, rudi nyumbani, hata kama wenyeji wako ndani. Huo unadanganya sana kwa sababu maji ya karibu yanakaa yametulia kama ya bwawa, kumbe mbele kidogo unakubeba tu kwenda baharini, na kwa maji hayo vidole vinaweza kufa ganzi ndani ya dakika kumi, hutaweza hata kushika kamba ya kuinulia tanga.

Halafu usiangalie upepo wa sasa peke yake, angalia saa tatu nne zinazokuja. Dhoruba za winta zikipita kule kawaida upepo huanza kusini-magharibi na mvua, kisha unageuka ghafla kuwa wa kaskazini-magharibi, anga inafunguka, jua linatoka na kila mtu anafikiri sasa ndio kumekuwa kuzuri. Kama ufuo wako unaangalia kusini, ule upepo wa asubuhi uliokuwa wa ubavuni sasa unatoka bara na unakupeleka baharini!! Kwa hivyo jua ufuo wako unaangalia wapi kabla hujafungua app za utabiri wa upepo kama Windy ama Windguru.

Kwa namba, mimi naona upepo wa noti (knots) 15 hadi 20 unatosha, noti 20 ni kama kilomita 37 kwa saa. Angalia pia ile namba ya upepo wa ghafla, ikipita wastani kwa noti kumi na zaidi wacha, kwa sababu hewa baridi ikipita juu ya bahari iliyo na joto kuishinda inachafuka na kushusha upepo mkali wa juu kwa vishindo. Na hewa baridi ni nzito, upepo wa noti 20 kwa nyuzi 3 unasukuma tanga kama asilimia kumi zaidi ya ule wa Diani, so ukiwa ulitumia tanga la mita za mraba 5.5 chukua 5 ama hata 4.7, pia glavu na wetisuti (nguo ya kuzuia baridi majini) ya milimita 5 zinachosha mikono mbio sana.

Mkondo wa maji ukienda kinyume na upepo mawimbi yanasimama wima, angalia ratiba ya maji kujaa na kupwa.

Desemba kule Scotland jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hivyo ambia mtu saa utakayotoka majini na mpigie ukishatoka.