Namna ya kutoa alama za sarakasi za shule ili haki ionekane

Sarakasi zikiandaliwa kwenye shule za Mtwara na Lindi, ubishi huwa uleule: mbio zina saa, mkuki una futi, sarakasi ina nini? Ina jaji. Jaji akifungwa na sheria, sarakasi ni mchezo kamili. Asipofungwa, mtakuwa mmeandaa onyesho.

Anzeni kwa kutenganisha ugumu na utekelezaji, kama ilivyofanya jimnastiki ya kimataifa mwaka 2006, ilipoachana na ukomo wa alama 10 alioufikia Nadia Comaneci, mwanajimnastiki wa Romania, kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Wiki moja kabla, wapeni walimu wote jedwali moja la ugumu: kubingirika mbele 0.1, kusimama kwa mikono sekunde mbili 0.2, samasoti ya nyuma 0.5, na kuendelea. Kila mtoto aandikishe mitindo sita mapema. Majaji wawili wanahesabu ugumu tu, na mtindo usiokamilika hauhesabiwi.

Majaji wengine watano wanaangalia utekelezaji. Wanaanza na 10 na kukata: goti kulegea au hatua ndogo wakati wa kutua 0.1, hatua kubwa 0.3, mwili kupinda vibaya 0.5, kuanguka au kuegemea chini kwa mkono 1.0. Kila kinachokatwa kiandikwe palepale, si mwishoni kwa kukisia. Hapa ndipo majaji wengi wanapoharibu: wanaandika 8 kwa sababu "inafanana na nane," kisha mzazi akiuliza hawana jibu.

Karani afute alama ya juu kabisa na ya chini kabisa, atafute wastani wa tatu zilizobaki, ajumlishe na ugumu. Mfano: 8.2, 8.4, 7.9, 8.3 na 9.1. Ondoa 7.9 na 9.1, wastani ni 8.3, ugumu ukiwa 2.4, mtoto ana 10.7. Ile 9.1 ikitoka kwa mwalimu wa shule yake, haijamsaidia. Lakini kinga hii inazuia jaji mmoja tu. Wawili wakipatana, imevunjika, kwa hiyo msiweke majaji wawili kutoka shule moja, na waketi mbalimbali, hatua tano au zaidi. Njama za majaji ndizo zilizochafua mashindano ya kuteleza kwenye barafu ya Salt Lake City mwaka 2002, hadi ikatolewa dhahabu ya pili.

Mkifanyia ufukweni, chimbueni mchanga wa mahali pa kutua hadi sentimita 30 na kuokota vifuu na vipande vya matumbawe. Mchana wa alasiri majaji waelekee baharini, jua liwe mgongoni. Wakiligeukia hawaoni magoti. Kabla ya mshindani wa kwanza, watoto wawili wasioshindana wafanye, majaji walinganishe walichokata. Bila hivyo, wa kwanza huonewa.

Rufaa iwe ya ugumu na hesabu tu, ndani ya dakika tano, na mwalimu aonyeshwe karatasi zenyewe. Medali zisubiri mpaka karatasi zote zibandikwe ubaoni.