Kuanza kufuga nyuki: tafuta eneo na kibali kabla ya kununua mzinga

Wengi wanaotaka kufuga nyuki huuliza kwanza bei ya mzinga. Mimi huwauliza utatundikwa wapi, na kwa ruhusa ya nani. Watu hununua mizinga ishirini kwa mkupuo, kisha inakaa uani miezi kadhaa kwa kukosa mahali. Haya ninayoeleza yanafuata mazingira ya misitu ya miombo ya Tabora na sheria za Tanzania.

Hatua ya 1: Eneo

Zunguka kwa miguu. Tafuta miti inayotoa maua kwa wingi, kama mtundu na muba, na maji yasiyokauka kiangazi. Manzuki, yaani mahali mizinga inapowekwa, ikae mbali na nyumba, shule na njia za mifugo. Mimi sikubali chini ya mita 300. Kama jirani analima tumbaku au pamba, muulize anapiga dawa lini na dawa gani. Dawa ikipigwa maua yakiwa wazi, utakuta nyuki wamelala chini mbele ya mzinga, na hapo hakuna tiba. Jirani akikataa kubadili saa za kupiga dawa, hamisha mpango wako mapema.

Hatua ya 2: Ruhusa

Hapa ndipo watu wanapokosea. Ufugaji nyuki unaongozwa na Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002, nayo inakwenda sambamba na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka huohuo. Swali la msingi ni moja: ardhi hiyo ni ya nani?

Kama ni shamba lako, mjulishe mtendaji wa kijiji. Kama ni msitu wa kijiji, omba kwa maandishi serikali ya kijiji, na ombi lijadiliwe kikaoni ili muhtasari ubaki. Kama ni hifadhi ya msitu au ya nyuki inayosimamiwa na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), usiingie na hata mzinga mmoja kabla ya kupata kibali chao. Ruhusa ya mdomo ya kiongozi mmoja haitakusaidia siku atakapohamishwa.

Baada ya hapo nenda halmashauri kwa Afisa Nyuki wa Wilaya, ujiandikishe pamoja na manzuki yako. Mwombe aje aone eneo. Ofisi hiyo ina wataalamu ambao watu wengi hawawatumii, na ushauri wao unafaa kuliko video za nyuki wa Ulaya. Weka alama yako kwenye kila mzinga. Ugomvi wa mizinga porini ni wa kweli.

Hatua ya 3: Mizinga

Anza na miwili au mitatu ya viunzi, yaani sanduku lenye vipande vya mbao juu ambavyo nyuki hujengea masega. Mzinga wa Langstroth, wenye fremu za mbao zinazochomolewa, ni mzuri, lakini gharama yake ni kubwa kwa anayejifunza. Mzinga wa gome achana nao, kwani kubandua gome kunaua mti uleule unaolisha nyuki.

Pima viunzi kabla ya kulipa fundi. Kwa nyuki wetu upana uwe milimita 32. Vikizidi au vikipungua, masega yataungana na hutaweza kutoa moja bila kubomoa mengine.

Hatua ya 4: Kutundika na kutega

Tundika kwa waya, kimo cha kiuno, ili nyegere asifikie kirahisi. Paka grisi kwenye waya kuzuia siafu. Sugua nta safi ndani na kwenye viunzi, kisha subiri. Kundi litaingia lenyewe wakati wa kuhama kwa nyuki.

Hatua ya 5: Kukagua na kurina

Vaa mavazi ya kinga, wavu wa uso, glavu na mabuti. Nenda jioni, bila manukato, na usiende peke yako. Anayevimba uso au kubanwa pumzi baada ya kuumwa apelekwe hospitali papo hapo. Bomba la moshi lijazwe nyasi kavu au maranda, kamwe si plastiki. Ukimaliza, zima moto kabisa kwa maji; moto wa porini unateketeza maua ya msimu mzima.

Chukua masega yaliyofunikwa nta angalau robo tatu. Asali ambayo haijaiva ina maji mengi, nayo itachacha. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni maji yasiyozidi asilimia 20. Sega la majana, yaani watoto wa nyuki, lirudishe lilipokuwa, na waachie nyuki masega kadhaa ya asali. Ukiwamaliza chakula, watahama.

Beba asali kwenye ndoo safi ya chakula yenye mfuniko, uichuje bila kuichemsha. Ukitaka kuiuza dukani yenye lebo, ulizia SIDO (shirika la viwanda vidogo) utaratibu wa wajasiriamali wadogo kupata alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na fanya hivyo kabla ya kuchapisha lebo.