Unazindukana usiku wa manane? Anza kuangalia hivi

Kuzindukana peke yake si ugonjwa jamani, usingizi unakwenda kwa mizunguko ya kama dakika 90 hivi na kila mtu anaibuka mara kadhaa, ila anageuka ubavu na asubuhi hakumbuki. Shida ni pale macho yanapokodoka na usingizi haurudi. Kabla hujameza vidonge vya usingizi vya kupewa na jirani, hebu jiangalie: ukiamka, kitu gani unakifanya mwanzo?

Unakimbilia chooni? Tazama kahawa. Huku kwetu Unguja na Pemba wengi tunakaa barazani baada ya Isha, kikombe kidogo kweli lakini kinaongezwa tu na stori zinanoga, na kwa watu wengi nusu ya nguvu ya kahawa bado imo mwilini masaa 5 baadae, yaani ulokunywa saa 2 usiku saa 7 inakukojoza na inakunyima usingizi kwa pamoja. Ihamishie Alasiri, baraza hutoikosa. Kama miguu inavimba jioni, ilaze juu ya mto kabla ya Magharibi, maana yale maji ukishalala ndo yanarudi kwenye damu na figo zinayatoa. Anaetumia dawa ya presha ya kukojoza amuulize daktari kama inafaa kumezwa asubuhi, usijibadilishie mwenyewe. Mkojo mwingi na kiu isokwisha, kapime sukari. Wazee wetu wa kiume ambao mkojo unatoka kwa kusuasua, kapimweni tezi dume, msione haya.

Umeroa jasho? Kaskazi ndo zake, hewa imejaa unyevu jasho halikauki, na umeme ukikatika feni ikisimama tu ushaamka. Koga kabla ya kulala, fungua madirisha yanayokabiliana, ila chandarua usikivue kwa kutafuta upepo. Jasho la kila usiku hata kipupwe, na unakonda au kikohozi kimepita wiki 2, hilo si joto, kapime kifua kikuu.

Kifua kinawaka, mdomoni uchachu? Urojo wa pilipili saa 4 usiku kisha godoroni. Kula masaa 3 kabla ya kulala, lalia ubavu wa kushoto, na weka vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, mito mingi inakukunja tumbo tu.

Lipo moja mwenyewe huwezi kulijua, muulize mnaelala pamoja. Akikwambia unakoroma, halafu kimyaa pumzi imekata, halafu unashtuka kama mtu aloibuka kutoka kuzamia, nenda hospitali. Hili linanisikitisha sana maana majumbani linachekwa, na kumbe pumzi inayokatika vile inaendana na presha kupanda na kusinzia mchana hata kwenye usukani.

Kama ni mawazo tu, ada za watoto, deni, basi simu usiiguse na saa usiitazame. Ukiona kama dakika 20 zimepita inuka, kaa kitini taa hafifu, leta nyiradi zako taratibu, rudi kitandani macho yakiwa mazito. Na asubuhi amka wakati ule ule wa siku zote hata kama hukulala vizuri, na kile kiusingizi cha mchana kisizidi nusu saa, kiwe kabla ya Alasiri.